Kila Mji na Tabia Yake: Safari Fupi Kutoka Buhinyuza

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila likizo inapokaribia wazazi hutuuliza watoto wao wafanye nini ili siku zisipotee bure. Jibu letu limekuwa moja: watembezeni. Si lazima kwenda mbali, wala si lazima kulala ugenini siku nyingi. Qur'ani imetuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame yaliyowapata waliotutangulia, na wahenga wetu wamelifupisha jambo hilo kwa maneno mawili: tembea uone. Tatizo letu ni kuwa tunatembea bila kuona. Tunakwenda Gitega kufuata karatasi, tunakwenda Bujumbura kufuata bidhaa, kisha tunarudi tukiwa tumeona ofisi moja, duka moja na kituo cha basi.

Ipo sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Watoto wetu wa vilimani husikia shuleni na sokoni kwamba Uislamu ni dini ya wageni, na wapo wanaotumia neno "Mswahili" kwa maana ya mtu mjanja asiye na kwao. Mwanafunzi wetu mmoja alituuliza darasani, "Ustadhi, sisi kwetu hasa ni wapi?" Swali kama hilo halijibiwi kwa hasira, wala kwa kujisifu. Hujibiwa kwa historia. Na historia ya Waislamu wa Burundi kwa sehemu kubwa imo katika miji yake. Basi tumeona tuiandike kwa njia ya safari, mji baada ya mji, ili kila familia iweze kuifuata kwa miguu na kwa macho yake.

Usiku mmoja Mombasa

Mtu anaweza kusema: mji haujulikani kwa siku moja. Tumkumbuke Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyetoka kwao mwaka 1325 kwenda Hija na akaendelea kusafiri kwa miaka karibu thelathini. Mwaka 1331 alipita katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini katika usiku huo aliona mengi: kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki, kwamba nafaka yao ililetwa kutoka bara, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aliona hata visima vifupi kwenye milango ya misikiti, chombo cha mbao cha kutekea maji, na mkeka mzito wa kufutia miguu, kwa kuwa watu wengi walitembea peku na hawakutaka kuingia msikitini na uchafu.

Tazameni, ndugu zetu. Kutokana na mlango wa msikiti na mkeka tunajua leo, baada ya miaka karibu 700, kwamba watu wa Mombasa walikuwa watu wa usafi na watu wa ibada. Hakuhitaji mwezi mzima. Alihitaji kujua pa kutazama.

Baada ya hapo alifika Kilwa, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Anasimulia kuwa fakiri kutoka Yemen alimuomba Sultani nguo alizovaa, naye akamvulia. Lakini katika kisa hicho hicho fakiri anapewa pia watumwa, kama vile mtu anavyopewa mzigo wa pembe za ndovu. Jambo hili tuliweke moyoni, kwa sababu tutalikuta tena njiani. Msafiri mwema haoni mazuri peke yake.

Muyinga: mji wa njia

Tuanze na mji ulio karibu. Buhinyuza ilikuwa moja ya tarafa 7 za mkoa wa Muyinga, hadi mageuzi ya mwaka 2025 yalipoifanya mikoa 18 ya nchi kuwa 5 na tarafa 119 kuwa 42. Muyinga sasa imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mipaka ya serikali hubadilika, lakini vilima vimebaki palepale, na Ruvubu bado unapita.

Mkitaka kuijua tabia ya Muyinga, simameni kando ya barabara iendayo Kobero. Huko ndiko mpaka, na ng'ambo yake ni Kabanga, Tanzania, kisha Ngara. Malori yanayotoka upande wa Dar es Salaam hupita njia hiyo. Ndiyo maana sokoni Muyinga mtu anaweza kuanza bei kwa Kirundi na kuimaliza kwa Kiswahili, wala hakuna anayeshangaa. Mji wa njia huwa na tabia hiyo: haumuulizi mtu ametoka wapi kabla ya kumuuliza amebeba nini.

Njia hii ya mashariki ni ya zamani. Septemba 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, aliingia Burundi kutoka upande huo akitafuta chanzo cha mto Kagera. Vitabu vya shule humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuivuka nchi hii. Ni kweli, lakini hakuja peke yake. Msafara wake ulianzia Tanga, na waliobeba mizigo na bunduki zake walikuwa watu wa pwani na wa bara ya Tanganyika. Kwa hiyo Kiswahili kilikanyaga vilima hivi siku ileile pamoja na Mzungu huyo.

Mkiwa Muyinga waonyesheni watoto jambo jipya pia: maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, karibu na shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake walitoka Ubelgiji, lakini udongo ni wa hapahapa na mafundi walikuwa wa hapahapa. Mtoto akijua kuwa udongo anaoukanyaga unaweza kujenga nyumba ya vitabu, ameshapata faida ya safari.

Gitega: mji wa amri

Hapa inabidi tueleze jambo ambalo wengi hawalifikirii. Zamani Burundi haikuwa na miji. Warundi waliishi katika ngo zao, kila familia na rugo lake juu ya kilima, na rugo moja likitazamana na jingine kwa mbali. Hata mwami hakuwa na mji mmoja wa kudumu. Alikuwa na makazi kadhaa na akihama kutoka moja kwenda jingine. Ufalme ulikuwa na nguvu na utaratibu, lakini mji, kwa maana ya mitaa, maduka na watu wasio wa ukoo mmoja, haukuwapo.

Mwami Mwezi Gisabo alipambana na Wajerumani hadi akalazimika kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Alifariki mwaka 1908. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura kando ya ziwa hadi Gitega, katikati ya nchi, kwenye baridi na karibu zaidi na watu. Wakajenga boma. Juni 1916 Wabelgiji wakaiteka, nao wakaifanya makao ya mkuu wao wa Urundi, huku Usumbura ikiwa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi yote. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 Bujumbura ikawa mji mkuu. Kisha mwaka 2019 Gitega ikarudishiwa heshima ya mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji wa uchumi.

Basi Gitega ni mji uliozaliwa kwa amri, na tabia hiyo unaiona hadi leo. Watu huamka mapema, huvaa nadhifu, hushika bahasha mkononi, husubiri mlangoni. Ni mji wa mihuri.

Lakini msiishie kwenye mihuri. Nendeni kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, mkaone vikapu, mikuki, vyungu na vitu vya ufalme. Halafu nendeni Gishora, kilomita chache nje ya mji, kwenye ngoma za ufalme. Inasimuliwa kwamba Mwezi Gisabo ndiye aliyepaanzisha baada ya kumshinda mkuu mmoja aliyeasi, jina lake Ntibirangwa. Mwaka 2014 UNESCO iliuandika mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tunawahimiza wazazi wasiogope kuwapeleka watoto pale. Kujua historia ya nchi yako si kupoteza dini yako. Mtoto wa Kiislamu wa Burundi ni mrithi wa Mwezi Gisabo kama mtoto mwingine yeyote.

Na mtaa wa Waswahili wa Gitega je? Upo tangu siku za mwanzo za mji. Boma halikujengwa na maafisa peke yao. Palikuwa na askari, wakalimani, mafundi, wachuuzi na wapishi, na wengi wao walikuwa watu wa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa Wajerumani. Kwa hiyo mji ulipozaliwa, Waislamu walikuwa miongoni mwa waliokuwapo.

Bujumbura: mji wa mchanganyiko

Kutoka Gitega hadi Bujumbura ni kama kilomita 100, barabara ikiteremka kutoka milimani hadi joto la ziwa. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapo mwaka 1897 na wakapaita Usumbura. Mahali penyewe palikuwa na watu na biashara ya ziwani kabla yao.

Watu wa safari fupi huishia katikati ya mji. Sisi tunasema nendeni Buyenzi. Ni mtaa ulionyooshwa kama daftari la hesabu, na barabara zake hutajwa kwa namba. Wabelgiji waliwaweka hapo Waswahili wa mji: watu wenye asili ya Manyema na sehemu nyingine za Kongo, watu wa Tanganyika, Warundi walioingia mjini na kusilimu. Asubuhi utasikia nyundo za mafundi wa magari, mchana utasikia adhana ikifuatana kutoka msikiti mmoja hadi mwingine, jioni utasikia harufu ya nyama ya kuchoma na samaki. Huko Kiswahili si somo la darasani; ndiyo lugha ya mama kumwita mtoto.

Mambo mawili ya Bujumbura yanahusu swali letu. La kwanza ni la Prince Louis Rwagasore, mtoto wa mwami Mwambutsa na kiongozi wa uhuru. Wafanyabiashara na wakazi wa Kiswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema kabisa. Septemba 1961 chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi, uhuru ukiwa umebaki miezi michache. Kwa hiyo anayesema kwamba Waswahili walikuwa watazamaji tu katika uhuru wa nchi hii, hajasoma.

La pili ni la huzuni. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa damu, huu wa kabila hili na ule wa kabila lile. Buyenzi na jirani yake Bwiza ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwisho kubaki na mchanganyiko. Machi 1995 nayo ikashambuliwa, watu wakauawa na wengine wengi wakakimbia nchi. Hatusemi hivyo ili kufukua makaburi. Tunasema ili watoto wajue kwamba kuishi pamoja ni tabia ya mji inayojengwa kwa miaka mingi na inaweza kuvunjwa kwa usiku mmoja.

Rumonge na Ujiji: miji ya ziwa

Ukishuka kusini kandokando ya Ziwa Tanganyika utafika Rumonge, mji wa mawese, samaki na mitumbwi, wenye Waislamu wengi. Watu wake hutazama majini kama sisi tunavyotazama mashambani. Ukiendelea kusini na kuvuka mpaka utafika Kigoma, na hapohapo Ujiji.

Ujiji ndio mama wa miji yetu ya Kiswahili ya ziwani. Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wameshatangulia. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo, na wote wawili wakasafiri kwa mtumbwi hadi upande wa kaskazini wa ziwa. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, linakumbusha safari hiyo. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahama hatua chache, na Ujiji ukabaki na miembe yake na misikiti yake. Hilo nalo ni somo: mji hupanda na kushuka kwa njia inayoupitia.

Hapa ndipo panapotubidi kusema kweli. Misafara ya Ujiji ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu waliofungwa minyororo. Mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza. Katika miaka ya 1880 alijaribu kupenya Burundi, na majeshi ya Mwezi Gisabo yakamzuia. Huyu alikuwa Mwislamu kwa jina, na waliomzuia walikuwa wanalinda watu wao wasitekwe. Tukiwafundisha watoto wetu historia, tusimfanye Rumaliza kuwa shujaa wetu kwa sababu tu ya jina lake. Dhuluma ni dhuluma, hata akiifanya mtu aliyesimama safu moja na sisi.

Na tazameni hekima iliyomo. Aliyekuja kwa bunduki alishindwa. Uislamu uliobaki Burundi hasa ni ule uliokuja baadaye, kwa jirani kumjua jirani, kwa ndoa, kwa biashara ya haki na kwa mwalimu mmoja na ubao wake.

Basi kwetu ni wapi?

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Sensa ya mwaka 2008 iliwahesabu Waislamu kuwa kama asilimia 2.5 ya watu wa Burundi. Ni wachache, lakini uchache si ugeni.

Tumeona kwamba katika nchi hii mji wenyewe ndio uliokuwa mgeni. Kila mtu wa mjini alitoka mahali: kilimani, Kongo, Tanganyika, Ulaya au Bara Hindi. Waswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa mji. Nani basi atamwambia mwenzake kuwa yeye ndiye mgeni? Ugeni huo, kwa sehemu, uliandikwa na wakoloni. Wabelgiji waliwatenga watu wa mitaa ya miji kisheria, wakawaweka nje ya mamlaka ya machifu wa vilimani. Aliye kilimani akahesabiwa mtu wa mila, aliye mtaani akahesabiwa mtu asiye na mila. Sheria hiyo imekufa, lakini maneno yake yamebaki midomoni.

Na sisi wa Buhinyuza ni hoja iliyo hai. Tunalima kama majirani zetu, tunazungumza Kirundi kama wao, tunazikana nao, kisha tunasimama tukasali. Mto Ruvubu, unaokusanya maji upande wa Gitega, hupita kwetu, ukaungana na Nyabarongo kuwa Kagera, ukaingia Ziwa Victoria na hatimaye Nile hadi Misri. Maji hayo hayapotezi kwao kwa kufika mbali. Kwetu ni hapa, na ndugu zetu wako kila maji hayo yanapofika.

Mambo ya kutazama safarini

Tumewawekea wazazi na walimu maswali matano. Mtoto ayaandike kwenye daftari kabla ya kutoka, na arudi na majibu:

(i) Mji huu uko hapa kwa nini? Ni kwa sababu ya ziwa, mpaka, boma au soko?

(ii) Sokoni kinauzwa nini kwa wingi, na kimetoka wapi?

(iii) Watu wanasalimiana kwa lugha gani, na wanabadilisha lugha wakati gani?

(iv) Mitaa inaitwaje, na nani aliipa majina?

(v) Msikiti wa zamani uko wapi, na ni mzee gani anayekumbuka ulivyojengwa?

Swali la tano ndilo tunalolisisitiza zaidi. Wazee wetu wanaondoka na habari zao hazijaandikwa. Mtoto mwenye daftari na adabu, akimwamkia mzee na kumsikiliza saa moja, anaweza kuokoa jambo ambalo hakuna kitabu kinacholo.

Tunajua nauli ni mzigo, hasa tangu uhaba wa mafuta uliotusumbua miaka hii ya karibuni. Familia mbili tatu zinaweza kushirikiana gari moja, kila mama akafunga chakula, na watu wakarudi siku ileile. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya taabu, na aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Na mlango wa Sala ya msafiri, ambao watoto huuona mgumu darasani, hueleweka upesi sana wanapousomea kando ya barabara.

Anayeweza kwenda Muyinga peke yake, aende Muyinga. Asiyeweza hata hapo, na aanze na kilima cha jirani, awaulize wazee nani alikuwa Mwislamu wa kwanza kukaa hapo na alipokelewaje na majirani.

Tunamuomba Allah awalinde wasafiri wetu wote, awape watoto wetu macho ya kuona na ndimi za kusema kweli, na aidumishe amani katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.